Namna ya kupata huduma za VVU inayoendana na maisha yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU (ARV), pamoja na anayemsaidia. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Tunaambiwa tunaweza "kuchagua huduma". Tunachagua nini hasa?

Si dawa. Dawa inaamuliwa kitabibu na kwa watu wengi inabaki ileile. Unachochagua ni namna inavyokufikia: utaichukua kila baada ya muda gani, utaichukulia wapi, nani atakukabidhi, na siku hiyo utapata huduma gani nyingine pamoja nayo.

Mambo hayo manne yanaweza kupangwa kila moja kivyake. Mtu anaweza kumwona daktari mara moja kwa miezi sita, akachukua dawa kila miezi mitatu kwenye duka la dawa lililo jirani, na akapigiwa simu katikati na mshauri ambaye naye anaishi na VVU. Mwingine anataka kila kitu kliniki, mkono kwa mkono na nesi anayemfahamu. Wote wawili wako sawa.

2. Kupunguziwa siku za kliniki si dalili kwamba tumetelekezwa?

Hapana, ingawa wasiwasi huo unaeleweka. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kila mtu aje kila mwezi, mzima na mgonjwa katika foleni moja. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mwenye VVU aanze dawa bila kusubiri CD4 (idadi ya seli za kinga ya mwili) ishuke, na foleni hiyo ikarefuka zaidi. Mwaka 2016 shirika hilohilo likapendekeza watu waliotulia kwenye dawa wahudhurie kwa nafasi ya miezi mitatu hadi sita, na mwongozo wa mwaka 2021 ukasema miezi sita ndiyo inayopendelewa.

Watu wengi hawaachi dawa kwa sababu wamezichoka dawa zenyewe. Wanaacha kwa sababu ya nauli, ruhusa ya kazini, saa nne za benchi, au jirani aliyewaona getini. Utafiti wa INTERVAL uliofanyika Malawi na Zambia ulionyesha kwamba waliopewa dawa za miezi sita hawakupotea kwenye huduma zaidi ya waliokuwa wakija mara nyingi.

3. Nani anastahili kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita?

Vigezo vya WHO vya mwaka 2021 ni vinne: umetumia dawa kwa angalau miezi sita, huna ugonjwa unaokusumbua kwa sasa (ugonjwa sugu uliodhibitiwa vizuri hauhesabiki), unaelewa kwamba dawa hizi ni za maisha, na kuna ushahidi kwamba zinafanya kazi. Ushahidi bora ni kipimo kimoja cha wingi wa virusi kilichofanyika ndani ya miezi sita iliyopita na kuonyesha virusi vimefubaa. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, hutumika CD4 iliyozidi 200, au kuongezeka uzito na kutokuwa na dalili wala magonjwa nyemelezi.

Ona ambacho hakimo. Elimu, ndoa na kazi unayofanya havimo. Hata kuwahi kuacha dawa huko nyuma hakumo, mradi sasa umetulia. Mhudumu akikuongezea sharti kama hilo, tazama swali la 20.

4. Nimeanza dawa mwezi huu. Mimi sina chaguo?

Unalo, ila ni dogo zaidi. Miezi sita ya mwanzo ndiyo yenye madhara madogo madogo ya dawa, magonjwa yaliyojificha na maswali mengi, kwa hiyo utaonwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo unaweza kuomba saa isiyokugharimu siku ya kazi, nesi yuleyule kila mara, ufuatiliaji kwa simu katikati ya mahudhurio, na mshauri wa rika lako. WHO pia inaruhusu dawa kuanzishwa nje ya kituo, hata nyumbani, pale penye mhudumu aliyefunzwa. Uliza mapema tarehe ya kipimo chako cha kwanza cha wingi wa virusi, maana ndicho kitakachokufungulia njia nyingine.

## Njia zilizopo

5. Njia zenyewe ni zipi?

Ziko za aina nne, na karibu kila utakachoelezwa kitaangukia mojawapo.

Ya kwanza ni *dirisha la haraka* kituoni: hupangi foleni ya daktari, unakwenda moja kwa moja famasi, unaulizwa maswali machache ya dalili, unachukua dawa unaondoka. Ya pili ni *kuchukua nje ya kituo*: duka la dawa, kabati lenye namba ya siri, ofisi ya jamii, au kuletewa nyumbani. Ya tatu ni *klabu* inayoongozwa na mhudumu. Mfano wake unaojulikana sana ulianzia Khayelitsha, Afrika Kusini, mwaka 2007: watu hadi 30, dawa zimefungwa tayari kwa majina, mkutano mfupi, kila mtu anarudi kwake. Ya nne ni *kikundi cha wenyewe kwa wenyewe*, ambacho kina swali lake hapa chini.

6. Kikundi cha watu sita kinaendeshwaje?

Njia hii ilianzia mkoani Tete, Msumbiji, mwaka 2008. Watu wapatao sita wanaoishi karibu wanapokezana kwenda kituoni, na anayekwenda anawachukulia wote.

Siku moja au mbili kabla, wanakutana nyumbani kwa mmoja wao. Kila mtu anahesabu vidonge vyake mbele ya wenzake. Wanaulizana: kuna mwenye kikohozi, homa, jasho la usiku au aliyepungua uzito? Kuna anayehisi ana ujauzito? Kuna aliyeanza dawa nyingine? Majibu yanaandikwa kwenye kadi ya kikundi. Mwakilishi anakwenda nayo kituoni, na siku hiyo yeye anaonwa na kupimwa kikamilifu, damu ikiwemo. Akirudi anagawa dawa siku hiyohiyo na kila mtu anaweka sahihi.

Vikundi huharibika kwa njia zinazofanana. Mwenye pikipiki anageuzwa mjumbe wa kudumu, wengine wanaacha kuonwa na mhudumu kwa mwaka mzima. Kuhesabu vidonge kunakuwa kutaja namba tu. Mwanachama anaficha kikohozi ili asirudishwe kliniki. Au wawili wanagombana kwa jambo la pembeni kabisa na dawa zinakwama kwa mmoja wao. Dawa ya haya ni kadi inayoonyesha zamu na tarehe ya mwisho ya kila mmoja kuonwa, pamoja na makubaliano ya tangu mwanzo kwamba yeyote anaweza kwenda kituoni peke yake bila kuulizwa sababu.

Na tuseme wazi: ukipata dawa za miezi sita, faida ya nauli kwenye kikundi inapungua sana. Waliobaki kwenye vikundi wengi wanabaki kwa ajili ya wenzao. Hiyo nayo ni sababu nzuri.

7. Nichague ipi?

Anza na kinachokukosesha dawa, usianze na kinachovutia. Kama ni nauli na muda, omba muda mrefu kati ya machukuo. Kama ni kuonekana, omba kituo cha mbali au duka la dawa, wala si klabu. Kama ni upweke au kuchoka, miezi sita ya kimya haitakusaidia; klabu au mshauri wa simu ndiyo jibu. Kama huna mahali salama pa kuweka makopo, dawa za miezi mitatu zinaweza kukufaa kuliko za sita.

Jaribu kwa mzunguko mmoja au miwili, kisha pima upya. Kuhama njia hakuhitaji kosa wala kibali maalumu: maisha yakibadilika, sema.

8. Ndugu au rafiki anaweza kunichukulia dawa?

Vituo vingi vinaruhusu, kwa masharti: jina lake liwe limeandikwa kwenye faili kwa ridhaa yako, aje na kadi yako, na aweze kujibu maswali ya msingi kuhusu hali yako. Andikisha watu wawili, mmoja akiwa hayupo asikukwamishe. Lakini hawezi kutolewa damu kwa niaba yako. Mwaka ambao dawa zako zote zimechukuliwa na mtu mwingine ni mwaka ambao kipimo chako kimerukwa.

9. Na sindano ya kila miezi miwili?

Ni dawa mbili, cabotegravir na rilpivirine, zinazochomwa makalioni siku moja, kila moja upande wake. Mbili za mwanzo hutolewa kwa nafasi ya mwezi mmoja, kisha kila miezi miwili. Mwaka 2025 WHO ilizipendekeza kama njia mbadala kwa watu wazima na vijana balehe ambao virusi vyao vimeshafubazwa na vidonge na ambao hawana homa ya ini aina B.

Sharti hilo la homa ya ini lina maana yake: tenofovir na lamivudine zilizomo kwenye vidonge huzuia pia virusi vya homa ya ini B, sindano hazivizuii. Pia haziendi pamoja na rifampicin ya kifua kikuu.

Sindano zinaondoa kopo nyumbani, lakini haziondoi kliniki. Utahudhuria mara sita kwa mwaka, na tarehe ina nafasi ya siku saba kabla au siku saba baada tu. Ukijua utaikosa, sema mapema upewe vidonge vya kuziba pengo. Mabaki ya dawa hukaa mwilini hata mwaka mzima yakipungua taratibu, na kiwango kidogo bila dawa nyingine ndicho kinachovifundisha virusi usugu.

Ile sindano ya kila miezi sita inayozungumzwa sana, lenacapavir, ni ya kuwakinga wasio na VVU. Kwenye tiba hutumika pamoja na dawa nyingine kwa wenye usugu wa dawa nyingi. Haiwezi kuchukua nafasi ya vidonge vyako.

## Dawa za miezi mingi zikiwa nyumbani

10. Nimepewa dawa za miezi sita, mbona ziliisha kabla ya tarehe?

Kwa sababu kopo linahesabu siku na kalenda inahesabu miezi. Makopo sita ya vidonge 30, au mawili ya vidonge 90, ni vidonge 180. Kutoka tarehe 1 Machi hadi tarehe 1 Septemba ni siku 184. Ukianza jioni ya tarehe 1 Machi, kidonge cha mwisho ni cha tarehe 27 Agosti, na siku nne zinabaki tupu. Kosa hili hufanywa na wahudumu wazoefu kabisa.

Omba tarehe ipangwe kwa wiki. Kwa vidonge 180, wiki 24 ni siku 168: unarudi siku ileile ya juma, ukiwa na akiba ya vidonge 12. Kwa vidonge 90, wiki 12 ni siku 84, na akiba ni vidonge 6. Mzunguko unaofuata anza na hiyo akiba, kopo la zamani likitangulia. Kabla ya kuondoka dirishani, hesabu makopo na soma tarehe ya mwisho wa matumizi ya kila moja. Inapaswa kuwa mbele ya siku utakayomeza kidonge chake cha mwisho.

11. Nizihifadhije?

Mahali pakavu, pasipozidi nyuzi joto 30, mbali na jua na mbali na watoto. Juu ya kabati chini ya bati, pembeni ya jiko na bafuni hapafai. Fungua kopo moja tu kwa wakati. Kifuko kidogo kilichomo ndani ni cha kufyonza unyevu: kiache humo, usikile wala usikitupe.

12. Sitaki watu wa nyumbani wajue. Naweza kuhamishia vidonge kwenye chombo kingine?

Vya wiki moja, ndiyo, kwenye kisanduku cha vidonge chenye siku saba. Vyote 180, hapana. Nje ya kopo lake kidonge kinakosa kinga ya unyevu, na hakuna lebo ya kumwonyesha daktari ukiugua ghafla. Tatizo kubwa mara nyingi ni mlio wa kopo likitikisika: kipande cha pamba safi ndani hunyamazisha. Anayeletewa dawa nyumbani anaweza kuomba zifungwe bila maandishi, na aseme ni nani wa kupigiwa simu kwanza.

13. Nikisahau kidonge?

Kwa kidonge chenye dolutegravir (moja ya dawa za kufubaza VVU; tazama jina kwenye lebo ya kopo), kimeze mara ukumbukapo. Kama cha kufuata kimebakiza chini ya saa nne, acha hicho kilichosahaulika na uendelee na ratiba. Usimeze viwili kwa pamoja. Ukisahau mara kwa mara saa ileile, badilisha saa, usijilaumu.

14. Sionani na daktari kwa miezi sita. Kuna dawa za kuepuka?

Ndiyo, na hapa ndipo watu hujikwaa bila kujua. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hushika dolutegravir tumboni isifyonzwe: meza dolutegravir saa mbili kabla yake au saa sita baada yake. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu ni vivyo hivyo, isipokuwa ukimeza vyote pamoja na chakula. Mwenye kisukari anayetumia metformin asizidishe miligramu 1,000 kwa siku bila daktari kujua. Baadhi ya dawa za kifafa na rifampicin hushusha dolutegravir kwenye damu, kwa hiyo mwambie kila anayekuandikia dawa mpya kwamba unatumia dolutegravir.

## Vipimo na mabadiliko ya mwili

15. Wingi wa virusi utapimwa lini?

Miezi sita baada ya kuanza dawa, tena kwenye mwezi wa 12, kisha mara moja kila mwaka. Mwezi wa kipimo uandikwe kwenye kadi yako, na uangukie siku ya kuchukua dawa ili usifunge safari mbili. Kasoro ya kawaida ni damu kutolewa na majibu kukaa kwenye faili hadi miezi sita ipite. Uliza utajulishwaje: simu, ujumbe, au kupitia mshauri. Virusi visipoonekana kwenye kipimo, huambukizi kwa njia ya kujamiiana.

16. Majibu ya wingi wa virusi yamezidi 1,000. Nitanyang'anywa utaratibu wangu?

Usinyang'anywe, na kurudishwa kila mwezi kusitumike kama adhabu. Majibu juu ya nakala 1,000 kwa mililita yanataka mazungumzo ya kina kuhusu kinachokwamisha, kisha kipimo cha marudio baada ya miezi mitatu. Katika kipindi hicho utaonwa kwa karibu zaidi, lakini mtu anayekosa dawa kwa sababu ya nauli hasaidiwi kwa kuongezewa safari. Ushauri unaweza kufanyika kwa simu au karibu na kwake. Majibu yakishuka, rudi kwenye njia yako ya awali.

17. Nimepata ujauzito nikiwa kwenye klabu.

Unaweza kubaki kwenye klabu na kuanza kliniki ya wajawazito, au kuhamishia vyote kliniki ya wajawazito. Lililo muhimu ni dawa zisikatike wakati faili linahama, kwa hiyo usiache njia ya zamani kabla ya kuwa na dawa za njia mpya mkononi. Wingi wa virusi hupimwa kwenye hudhurio la kwanza la ujauzito, na tena kati ya wiki ya 34 na 36.

18. Mtoto wangu naye anaweza kupata dawa za miezi mingi?

Anaweza, ila dozi yake inafuata uzito. Mtoto mdogo huvuka kiwango haraka. Kwa vidonge vya watoto vya dolutegravir vya miligramu 10 vinavyoyeyushwa kwenye maji, mwenye kilo 6 hadi 9.9 hupewa kimoja na nusu, mwenye kilo 10 hadi 13.9 viwili, mwenye kilo 14 hadi 19.9 viwili na nusu. Kuanzia kilo 20 anapewa cha wakubwa cha miligramu 50. Mtoto aliye kwenye ukingo wa kiwango, tuseme kilo 9.7, apewe muda mfupi zaidi au apimwe uzito katikati. Panga siku moja na mzazi ikiwa naye yuko kwenye dawa.

19. Ninatumia pia dawa za kifua kikuu au presha. Inakuwaje?

Kwa anayetumia rifampicin ya kifua kikuu, dolutegravir ya miligramu 50 hutolewa mara mbili kwa siku: kidonge chako cha kawaida, na kingine cha dolutegravir peke yake saa 12 baadaye. Nyongeza hiyo huendelea wiki mbili baada ya rifampicin kuisha. Dawa za kuzuia kifua kikuu na dawa za presha zipangiwe muda sawa na za VVU. Kupewa ARV za miezi sita na presha za mwezi mmoja ni kurudishwa foleni kwa mlango wa nyuma.

## Mambo yanapokwama

20. Natimiza vigezo lakini mhudumu anakataa.

Uliza kwa upole maswali mawili: "Ni kigezo kipi sijatimiza?" na "Lini tutaangalia tena?" Mara nyingi jibu ni kwamba kipimo cha mwisho hakionekani kwenye faili. Likibaki bila jibu, mwone mshauri wa wateja au mkuu wa kliniki.

Wakati mwingine sababu ni akiba: kituo kina dawa chache na kinagawa mwezi mmoja mmoja ili kila mtu apate. Hilo ni halali. Omba yaandikwe kwamba ni upungufu, ili usihesabiwe kuwa umeshushwa, na uulize kama unaweza kuchukua zinazofuata dirisha la haraka.

21. Ninasafiri au ninahama.

Safari: chukua dawa za siku zote pamoja na za wiki mbili za ziada, kwenye kopo lake, ndani ya mkoba unaoubeba mwenyewe. Kuhama: omba barua yenye majina ya dawa, tarehe ya kuanza, majibu ya mwisho ya wingi wa virusi na njia uliyokuwa ukitumia. Bila hiyo ya mwisho, kituo kipya kinaweza kukuanza upya kama mgeni. Ukifika mahali bila barua, kidonge kimoja na kopo lenye lebo vinatosha kuanzisha mazungumzo. Usisubiri barua huku dawa zimekwisha.

22. Niliacha dawa miezi mingi. Nirudije?

Rudi leo. Watu wengi wanaweza kuanza tena siku hiyohiyo, mara nyingi kwa dawa zilezile. Neno "mtoro" lisikuzuie. Wengi hukatiza angalau mara moja.

Kabla ya kuanza, sema wazi kama una maumivu makali ya kichwa, shingo kukaza, kuchanganyikiwa, kikohozi, homa au kupungua uzito. Homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi au kifua kikuu inatibiwa kwanza, na ARV huanza wiki kadhaa baadaye. CD4 hupimwa. Ikiwa chini ya 200, damu hupimwa fangasi wa kriptokokasi na mkojo hupimwa kifua kikuu. Mwenye homa ya ini B aseme pia, kwa kuwa kuacha ghafla tenofovir kunaweza kuamsha ugonjwa wa ini.

Kisha mweleze mhudumu kilichokutoa. Kama ulitoka kwa sababu zamu zako za kazi ziligongana na siku ya kliniki, kurudishwa kwenye siku ileile ya kliniki kutakutoa tena. Mara virusi vinapofubaa, unastahili dawa za miezi mingi kama mtu mwingine yeyote (swali la 3).